Oktani: maana, upatanisho na uchaguzi wa daraja la petroli

oktani nm [i-/zi-] 1 (kemia) kampaundi ya haidrokaboni yenye atomi nane za kaboni katika kila molekuli. 2 (mafuta) kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili joto na mgandamizo ndani ya silinda bila kujiwasha kabla ya wakati wake: *petroli ya oktani 95*.

Maana ya kwanza ni ya darasani. Maana ya pili ni ya gereji, ya kituo cha mafuta na ya kijitabu cha maelekezo kinachokaa ndani ya sanduku la dashibodi bila kufunguliwa. Makala haya yanahusu zaidi maana ya pili, kwa kuwa ndiyo inayowasumbua wafasiri na walimu, na ndiyo inayomgharimu mtumiaji fedha inapofasiriwa vibaya. Mifano mingi imechukuliwa Same na katika Milima ya Upare, mkoani Kilimanjaro. Huko gari moja linaweza kutoka kwenye joto la uwanda hadi kwenye ukungu wa mlimani kwa safari ya asubuhi moja, na kila neno linalohusu mafuta hupata mtihani wake.

Asili ya neno

Oktani ni neno la mkopo. Sehemu yake ya kwanza, *okta-*, ina maana ya nane katika Kigiriki na Kilatini. Sehemu ya mwisho, *-ani*, ni alama ya familia ya haidrokaboni ambayo mwanafunzi wa sekondari anaifahamu: methani, ethani, propani, butani, pentani, heksani, heptani, oktani. Kiswahili kimeipokea familia nzima kwa utaratibu mmoja wa kumalizia kwa irabu. Kwa hiyo umbo *oktani* linafaa kuliko *okteni*, ambalo linafuata matamshi ya Kiingereza na kuliondoa neno katika safu ya ndugu zake.

Namna jina la kampaundi lilivyogeuka kuwa jina la kipimo inahitaji maelezo. Katika miaka ya 1920, wanakemia wa Marekani walihitaji mizani ya kulinganisha petroli mbalimbali. Walichagua vimiminika viwili. Cha kwanza ni isooktani, ambayo hustahimili sana mgandamizo, nayo ikapewa namba 100. Cha pili ni heptani nyoofu, ambayo hujiwasha kwa urahisi, nayo ikapewa namba 0. Petroli inapopimwa katika injini maalumu ya silinda moja na kuonekana inatenda sawa na mchanganyiko wa isooktani asilimia 95 na heptani asilimia 5, husemwa kuwa ina namba ya oktani 95.

Kutokana na historia hiyo, mwalimu anaweza kusahihisha dhana tatu potofu. Kwanza, petroli ya oktani 95 haina asilimia 95 ya oktani ndani yake. Namba hiyo inaeleza tabia ya petroli, wala haihesabu viungo vyake. Pili, kwa kuwa si asilimia, namba inaweza kuzidi 100: ethanoli na tolueni huzidi, na hali kadhalika baadhi ya petroli za ndege. Tatu, oktani yenyewe yenye mnyororo mnyoofu ina namba ya oktani iliyo chini ya sifuri. Jina la mizani limetoka kwa isooktani, yenye mnyororo wa matawi. Oktani nyoofu ni ndugu aliyebaki na jina bila sifa.

Maana inayopotoshwa zaidi: nguvu

Katika mazungumzo ya kila siku, petroli ya oktani ya juu huitwa *kali*, *nzito* au *yenye nguvu*. Sifa zote tatu zinapotosha. Oktani haipimi nishati iliyomo katika lita ya petroli. Inapima ustahimilivu, yaani muda ambao mchanganyiko wa petroli na hewa unaweza kubanwa na pistoni bila kuwaka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia.

Mwalimu wa Same ana mfano ulio karibu. Wakulima wa Upare wana *ndiva*, mabwawa ya asili ya kuhifadhi maji ya mfereji. Maji hukusanywa usiku, na asubuhi mlango hufunguliwa ili yashuke mashambani kwa zamu. Ndiva yenye ukuta imara huachia maji pale tu mwenye zamu anapofungua. Ndiva yenye ukuta dhaifu hupasuka yenyewe, na maji yaleyale yaliyopaswa kumwagilia mahindi yakayasomba. Kiasi cha maji hakikubadilika. Kilichotofautiana ni uwezo wa ukuta kungoja saa yake. Oktani ni uimara wa ukuta huo.

Kwa mfano huu mwanafunzi anaelewa pia kwa nini petroli ya oktani ya juu haiiongezei chochote cha maana injini isiyoihitaji. Ukuta wa ndiva ukishatosha kuzuia maji yaliyopo, kuuongeza unene hakuongezi maji. Injini yenye uwiano mdogo wa mgandamizo, kama za pikipiki nyingi za bodaboda, imeundwa kwa petroli ya kawaida. Mwenye pikipiki anayelipia daraja la juu ili *ipande mlima vizuri* ananunua ustahimilivu ambao injini yake haiutumii.

Kwa hiyo mfasiri aepuke *petroli yenye nguvu zaidi*. Aandike *petroli ya oktani ya juu* au, pale panapohitaji ufafanuzi, *petroli inayostahimili mgandamizo zaidi*.

Ngeli na upatanisho

Oktani huwekwa katika ngeli ya I-ZI na haibadiliki katika wingi: *oktani hii haitoshi, oktani hizi mbili zinatofautiana*. Namba inayofuata huandikwa kwa tarakimu bila kiunganishi: *oktani 91*, *petroli ya oktani 95*. Umbo *oktani ya 95* lina kasoro, kwa sababu katika Kiswahili *-a* pamoja na namba huashiria mpangilio, kama *darasa la tano* au *mwezi wa tatu*. Nalo lingemfanya msomaji kudhani kuna oktani ya 94 iliyotangulia.

Sifa zinazoambatana vizuri na neno hili ni *ya juu*, *ya chini* na *ya kutosha*. *Oktani kubwa* na *oktani ndogo* husikika, lakini katika maandishi rasmi ziachwe, kwa kuwa kipimo hupanda na kushuka kama joto na bei.

Namba, daraja na kiwango

Maneno haya matatu hutumiwa kana kwamba yana maana moja. Katika tafsiri ya kitaalamu yafaa yatenganishwe.

*Namba ya oktani* ni matokeo ya kipimo: 91, 95, 98.

*Daraja* ni kundi la kibiashara: petroli ya kawaida, petroli ya daraja la juu. Namba moja inaweza kuitwa kawaida katika nchi moja na daraja la juu katika nchi nyingine. Kwa sababu hiyo jina la daraja pekee halimtoshelezi mwenye gari.

*Kiwango* kibaki kwa maana ya sharti lililowekwa na mamlaka, kama linavyotumika katika jina la Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Petroli inaweza *kukidhi kiwango* au *kushindwa kukidhi kiwango*. Mwandishi anayetumia *kiwango* kwa namba ya oktani atajikuta akiandika *kiwango kilichowekwa cha kiwango cha oktani*, sentensi ambayo msomaji hana namna ya kuifumbua.

Mizani tatu chini ya jina moja

Mfasiri anaweza kunukuu namba kwa usahihi na bado akampotosha msomaji, kwa sababu oktani haipimwi kwa njia moja.

RON ni namba inayopatikana injini ya majaribio inapoendeshwa kwa mizunguko 600 kwa dakika, katika hali isiyo ngumu sana. Hii ndiyo namba inayotumika Afrika Mashariki, Ulaya na Japani. MON hupatikana kwa mizunguko 900 kwa dakika, mchanganyiko ukiwa umepashwa joto zaidi. Kwa petroli za kawaida huwa chini ya RON kwa takriban pointi 8 hadi 10. AKI, inayobandikwa kwenye pampu za Marekani na Kanada, ni wastani wa hizo mbili: RON ikijumlishwa na MON na kugawanywa kwa mbili.

Kutokana na hesabu hiyo, petroli ileile hubeba namba mbili tofauti pande mbili za Atlantiki. AKI 87 inakaribiana na RON 91. AKI 91 inakaribiana na RON 95. AKI 93 inakaribiana na RON 98. Kijitabu kilichochapwa kwa soko la Marekani kinapotaka oktani 91, kinataka petroli ambayo Afrika Mashariki ingeiita 95. Mfasiri akiandika *tumia petroli ya oktani 91* na kuacha kutaja mizani, ameihifadhi tarakimu na kuipoteza maana. Mwenye gari ataweka petroli iliyo pungufu kwa pointi nne huku akiamini ametii maelekezo.

Kanuni ni moja: namba ya oktani isiandikwe peke yake katika tafsiri. Iandikwe *RON 95*, au *oktani 95 kwa mizani ya RON*. Chanzo kikiwa cha Kimarekani, namba ya asili ibaki na ya pili iongezwe: *AKI 91, inayokaribiana na RON 95*.

Lebo za Kijapani

Magari mengi madogo yanayopita katika barabara kuu ya Segera, Mombo, Hedaru, Makanya, Same, Mwanga na Moshi yaliwahi kutumika Japani kabla ya kuletwa Tanzania. Lebo iliyo ndani ya kifuniko cha tangi mara nyingi imebaki katika Kijapani, na wenye magari huwaomba wafasiri wawasomee.

Maneno mawili yatosha kwa kuanzia. *Regyuraa* ni petroli ya kawaida ya Japani, ambayo kiwango cha nchi hiyo kinaitaka isipungue RON 89. *Haioku* ni petroli ya daraja la juu, isiyopungua RON 96. Neno haioku ni ufupisho wa maneno mawili yaliyokopwa, lenye maana ya *oktani ya juu*. Mwanaisimu ataona kuwa Kijapani, kama Kiswahili, kimelipokea neno geni na kuliongezea irabu, kisha kikalikata. Lebo huweza pia kuwa na neno *muen*, yaani isiyo na risasi.

Gari la regyuraa halina mashaka na petroli ya RON 91 au zaidi. Gari la haioku, ambalo aghalabu lina turbo au uwiano mkubwa wa mgandamizo, huhitaji uangalifu zaidi: hata petroli ya RON 95 iko chini kidogo ya 96 iliyokusudiwa na mtengenezaji.

Hapo ndipo uzito wa tafsiri unapoonekana. Katika vituo vingi vya Tanzania, hasa nje ya miji mikubwa, mteja hukuta petroli ya daraja moja tu kando ya dizeli. Hata jedwali la bei kikomo linalotolewa kila mwezi na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, hutaja petroli, dizeli na mafuta ya taa bila kugawa petroli kwa namba. Mkazi wa Same, kwa hiyo, hachagui oktani anaposimama mbele ya pampu. Anaichagua siku anaponunua gari. Lebo isiposomwa siku hiyo, au ikisomwa vibaya, hakuna pampu ya karibu itakayoweza kulirekebisha kosa.

Kupendekeza na kulazimu

Maelekezo ya watengenezaji hutofautisha mambo mawili ambayo tafsiri nyingi huyafanya moja. Kuna magari ambayo petroli ya daraja la juu *inapendekezwa*, na mengine ambayo *ni lazima*. Katika kundi la kwanza, injini ina sensa inayotambua mwako usio wa kawaida na kuchelewesha moto wa plagi. Gari litaendelea kwenda, ila litapungukiwa nguvu kidogo na pengine kutumia mafuta zaidi. Katika kundi la pili, mtengenezaji haahidi usalama wa injini ikitiwa petroli ya chini ya namba iliyotajwa.

Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kwa tofauti hii: *inapendekezwa*, *inashauriwa*, *inafaa* upande mmoja, *ni lazima*, *sharti*, *isipungue* upande wa pili. Neno *inatakiwa* liepukwe hapa, kwa sababu msomaji anaweza kulielewa kwa namna zote mbili.

Mlima unahitaji oktani ya juu?

Wengi huamini kwamba safari ya kupanda Vudee, Chome, Mbaga au Mamba inadai petroli ya namba kubwa kuliko safari ya Tanga. Fizikia inatoa jibu lenye pande mbili.

Upande wa kwanza ni mwinuko. Katika mwinuko wa mita 1,500, kanieneo ya hewa hupungua kwa takriban moja ya sita ikilinganishwa na usawa wa bahari. Na kilele cha Shengena, kilicho juu kuliko vyote katika Milima ya Upare, kina mita 2,462. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kidogo zaidi huko juu, kanieneo ndani ya silinda hushuka, na hatari ya petroli kujiwasha hupungua. Kwa mwinuko peke yake, basi, mlima unapunguza mahitaji ya oktani.

Upande wa pili ni mzigo na joto. Gari lililojaa abiria au tangawizi, likipanda taratibu huku dereva amekanyaga mafuta hadi mwisho, hupata joto kali ndani ya silinda, na mahitaji ya oktani hupanda. Hali huwa mbaya zaidi pale mpando unapoanza kutokea kwenye uwanda mkavu wa Same wakati wa mchana, kabla hewa nyepesi na baridi ya juu haijaanza kusaidia.

Mfasiri anayekutana na maandishi ya Kimarekani yanayosema kuwa oktani 85 yatosha mlimani azingatie mambo matatu. Namba hiyo ni ya AKI. Desturi ya kuiuza katika majimbo ya Milima ya Rocky ilijengeka wakati wa magari ya kabureta, ambayo hayakuwa na kompyuta ya kurekebisha mchanganyiko. Na gari la Upare halikai mlimani: jioni hushuka Same, na kesho yake huenda likafika Tanga, kwenye usawa wa bahari. Gari lenye turbo, ambalo hujisukumia hewa lenyewe, halipati nafuu hiyo ya mwinuko kwa kiasi kilekile. Ushauri ulio salama ni kufuata namba ya mtengenezaji, mlimani na uwandani vilevile, na kubadili gia mapema badala ya kuilazimisha injini.

Kugonga

Petroli inapojiwasha kabla ya wakati, injini hutoa mlio mkali kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Mafundi husema *injini inagonga*. Kitenzi ni sahihi, lakini hutumika pia kwa mlio mzito wa beringi zilizokwisha, ambao haupozwi na petroli ya aina yoyote. Katika maandishi rasmi itenganishwe *kugonga kwa mwako* na *kugonga kwa vyuma*. Tofauti hii ina faida katika mazungumzo ya gereji pia: fundi akimwambia mteja kwa ufupi kuwa *inagonga*, mteja anaweza kwenda kutafuta petroli nyingine wakati injini inahitaji kufunguliwa, au akakubali injini ifunguliwe wakati tatizo ni petroli.

Nomino *mgongo* haiwezi kutumika kwa dhana hii, na *mgongano* ni ya vitu viwili kukutana kwa nguvu. *Ugongaji* linakubalika, ingawa *kugonga* lenyewe, likiwa nomino-kitenzi, linatosha: *kugonga kumepungua*.

Kuchakachua na vinasaba

Namba sahihi kwenye lebo na namba sahihi katika tafsiri hazimsaidii mtu ikiwa kilichomo ndani ya tangi la kituo si petroli halisi. Mafuta ya taa yana oktani ya chini mno. Yakichanganywa na petroli, hushusha oktani ya mchanganyiko mzima, na injini iliyokuwa kimya huanza kugonga. Macho hayawezi kuipima oktani, wala pua haiwezi.

Tanzania ilipata neno lake kwa uovu huu: *kuchakachua*. Lilienea kutokana na kuchanganya mafuta ya taa katika petroli na dizeli kwa faida ya tofauti ya kodi. Wakati wa uchaguzi mkuu wa mwaka 2010 lilihamia katika siasa, watu wakasema *kuchakachua kura*, na tangu hapo limetumika kwa maziwa, vyeti, takwimu na chochote ambacho mtu anaweza kukitia dosari kwa siri huku kikibaki na jina lake. Vinyambuo vyake vimekamilika: *uchakachuaji, mchakachuaji, kuchakachuliwa*. Katika maandishi rasmi neno hili halihitaji alama za mtajo, kwa kuwa *kuchanganya* pekee halibebi nia ya udanganyifu, na *kughushi* huhusu zaidi hati na saini.

Mwaka huohuo wa 2010 EWURA ilianza mpango wa kuweka alama za kikemia katika mafuta ya soko la ndani, na bajeti ya mwaka 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa kishawishi. Alama hizo zikaitwa *vinasaba*, neno ambalo awali lilikuwa la biolojia ya urithi. Upanuzi huu wa maana unaeleweka: kama vinasaba vya mwili vinavyoshuhudia ukoo wa mtu, vinasaba vya mafuta hushuhudia kuwa mafuta yalilipiwa kodi na hayakuzimuliwa kwa mafuta yasiyowekwa alama. Mfasiri atumie *vinasaba vya mafuta* kila mara neno linapotokea kwa mara ya kwanza, ili msomaji wa nje ya Tanzania asiwaze maabara ya hospitali.

Hifadhi nayo ina athari. Vijijini, ambako vituo viko mbali, petroli huuzwa kwa chupa na madumu. Zaidi ya hatari ya moto, petroli iliyokaa juani katika chombo kisichofungwa vizuri hupoteza sehemu zake nyepesi, na mnunuzi hana risiti itakayomsaidia kulalamika injini ikiharibika. Risiti ya kituo ndiyo ushahidi wake wa kwanza.

Maneno jirani na mitego yake

*Gesi.* Wamarekani huita petroli kwa neno linalofanana na gesi. Kituo chao cha mafuta kisitafsiriwe *kituo cha gesi*, hasa sasa ambapo Tanzania ina magari yanayotumia gesi asilia iliyoshindiliwa na vituo vyake halisi vya gesi.

*Risasi.* Neno hili lina maana ya metali na ya kitu kinachotoka kwenye bunduki. *Petroli isiyo na madini ya risasi* huondoa utata. Madini hayo yaliongezwa katika petroli tangu miaka ya 1920 ili kupandisha oktani. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006. *Isiyo na risasi* haimaanishi *ya oktani ya chini*.

*Setani.* Hiki ni kipimo cha dizeli, na mwelekeo wake ni kinyume cha oktani: namba ya juu huonyesha kuwa dizeli huwaka upesi inapobanwa. *Oktani ya dizeli* ni kosa la dhana. Matamshi yazingatiwe darasani, kwa kuwa sauti moja tu hulitenga neno hili na shetani.

*Supa.* Nchini Kenya petroli ya kawaida ya vituoni huitwa supa. Msomaji wa Tanzania anaweza kudhani ni daraja maalumu. Tafsiri inayovuka mpaka itaje namba.

*Sheli.* Jina la kampuni lililogeuka kuwa jina la kituo chochote cha mafuta. Hufaa katika mazungumzo ya wahusika wa hadithi. Katika maandishi rasmi litumike *kituo cha mafuta*.

*Bei kikomo* na *bei elekezi.* Ya kwanza haipaswi kuzidishwa na muuzaji. Ya pili ni mwongozo tu. EWURA hutoa bei kikomo, na Same ina mstari wake katika jedwali la Mkoa wa Kilimanjaro.

Mifano ya usahihishaji

Si sahihi: *Weka petroli yenye nguvu ya oktani ya 91.*
Sahihi: *Weka petroli ya oktani isiyopungua 91 kwa mizani ya RON.*

Si sahihi: *Gari hili linatakiwa petroli kali kwa sababu linapanda milima.*
Sahihi: *Mtengenezaji anapendekeza petroli ya RON 95 kwa gari hili, mlimani na uwandani.*

Si sahihi: *Kiwango cha oktani cha dizeli hii ni kidogo.*
Sahihi: *Namba ya setani ya dizeli hii iko chini.*

Si sahihi: *Injini inagonga, badilisha mafuta.*
Sahihi: *Injini inagonga kwa mwako, jaribu petroli ya kituo kingine kabla ya kufungua injini.*

Mfano wa mwisho una jambo la ziada. *Kubadilisha mafuta* katika gereji za Tanzania ni kumwaga oili ya injini na kuweka nyingine, na *kujaza mafuta* ni kuongeza petroli au dizeli. Mteja aliyeambiwa *badilisha mafuta* anaweza kununua lita nne za oili mpya, akarudi barabarani na petroli ileile ndani ya tangi, na mlio ukaendelea hadi juu Mbaga.

Taz. pia: *dizeli, kanieneo, kuchakachua, mgandamizo, mwako, petroli, setani, vinasaba.*